Hivi ni Vita Gani? Tujifunze Kusoma Meza ya Sanamu

Ndugu msomaji, umekwisha jua kusoma barua na gazeti. Leo tusome kitu kisicho na herufi.

Katika baadhi ya majumba ya makumbusho, Afrika Kusini na Uingereza, huwekwa mifano midogo ya vita. Fundi hutengeneza askari wadogo, wengine hawafiki urefu wa kidole, akawapanga juu ya meza pamoja na vilima, nyumba na miti. Kama kibao chenye maelezo hakipo, mgeni husimama akikuna kichwa. Hivi ni vita gani?

Watu wengi huanza na nguo. Haya, na sisi tuanze hapo. Mezani kuna askari wenye makoti mekundu na kofia ngumu. Wanapigana na Waafrika wenye ngao za ngozi ya ng'ombe na mikuki mifupi. Tunajua basi kuwa ni Waingereza na Wazulu, mwaka 1879. Lakini nguo haziwezi kutufikisha mbali zaidi. Tarehe 22 Januari 1879 walipigana zaidi ya mara moja, na mahali pawili palikuwa na kama kilomita 15 tu kati yao. Mchana walipigana Isandlwana. Jioni wakapigana Rorke's Drift, mahali ambapo Wazulu hupaita KwaJimu. Na makoti mekundu ya kote kuwili yalikuwa ya kikosi kile kile cha 24!

Kwa hiyo tutazame ardhi. Ukiona kilima kimesimama peke yake, umbo lake kama simba aliyejilaza, na chini yake mahema mengi na magari ya maksai ambayo hayakupangwa kuwa boma, hapo ni Isandlwana. Tafuta na mizinga. Waingereza walikuwa nayo miwili, Wazulu wakaiteka. Kisha angalia Wazulu wamejipangaje. Kifua kiko katikati, na pembe mbili kama za ng'ombe zinazunguka kwenda kufunga nyuma. Jeshi hilo la Mfalme Cetshwayo lilikuwa na watu kama 20,000. Kambini walikuwamo kama 1,700 tu, maana mkuu wao, Lord Chelmsford, alitoka alfajiri na karibu nusu ya jeshi kwenda kuwatafuta Wazulu upande mwingine. Waliouawa kambini walizidi 1,300.

Rorke's Drift ni habari nyingine. Palikuwa na nyumba mbili za misheni, moja imefanywa hospitali na ya pili ghala. Walinzi walikuwa kama 150, wengine wagonjwa, na mzinga hawakuwa nao hata mmoja. Walikuwa na nini basi? Magunia ya mahindi! Gunia moja lilikuwa na karibu kilo 90, na mkulima hahitaji kuelezwa kazi ya kulibeba. Waliyapanga yakawa ukuta wa kuunganisha nyumba zile mbili, wakaongeza masanduku ya biskuti na magari mawili ya maksai. Ukiona ukuta wa magunia, umekwisha jua.

Hata saa inasomeka. Wazulu walifika kama saa kumi na nusu jioni. Paa la hospitali lilikuwa la nyasi, nalo likashika moto kama saa kumi na mbili. Paa likiwa zima, vita ndiyo kwanza vinaanza. Likiwaka, walinzi wamekwisha rudi nyuma upande wa ghala, na wagonjwa wanatolewa kwa kutoboa kuta.

Jihadhari na sinema. Mwaka 1964 ilitoka filamu iitwayo Zulu, juu ya Rorke's Drift. Ilipigwa mbali na pale, chini ya milima mirefu ya Drakensberg, na askari wake wana kofia nyeupe pe. Askari wenyewe wengi walizipaka kofia zao chai zisionekane kwa mbali. Meza yenye milima mirefu na kofia nyeupe imenakili sinema.

Sasa jambo linalonisumbua mimi. Mafundi wa Ulaya wanaipenda sana Rorke's Drift. Pale Waingereza walishinda, na watu 11 wakapewa Nishani ya Victoria. Wazulu zaidi ya 350 walikufa. Mtu akiiona meza hiyo peke yake ataondoka akiamini kuwa siku ile Wazulu walishindwa. Saa chache tu kabla yake walikuwa wamelivunja jeshi la Mwingereza lenye bunduki za kisasa za wakati ule. Kwa hiyo ukisha jua jina la vita, uliza pia meza ya pili iko wapi.

Zoezi la kujadiliana: Mezani kuna makoti mekundu wachache wamesimama mgongo kwa mgongo. Mahema yameanguka. Watu wenye mikuki wanavuta mzinga. Hakuna gunia lolote. Hivi ni vita gani, na ni alama ipi iliyokuambia kwanza?