Adui wa Hadithi

Kila mwaka, katika muhula wa pili, huwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha ya kubuni hadithi, na kila mwaka hukutana na mtu yule yule. Macho yake ni mekundu. Sauti yake inakwaruza. Anakaa peke yake mwisho wa kijiji, hucheka usiku, na katika ukurasa wa mwisho ananaswa, anapigwa, na watu wote wanafurahi. Siku hizi amejipatia miwani ya jua na pikipiki, lakini ni yeye yule. Nimekwisha kumsahihisha mara nyingi hata namjua kuliko ninavyowajua baadhi ya majirani zangu, wala hajapata kunitisha hata siku moja.

Vijana wapendao sinema humwita mtu huyu "adui", na yule apambanaye naye humwita "stelingi". Nitayatumia maneno hayo humu, maana hakuna asiyeyafahamu. Swali langu ni hili: adui wa hadithi huwa wa namna gani, hata msomaji akiisha kufunga kitabu anaendelea kumfikiri njiani?

Wengi hudhani kwamba jibu ni ukatili. Mtu akiua watatu ni adui mzuri, na akiua kumi ni mzuri zaidi. Sivyo hata kidogo. Angalieni hadithi zetu za wanyama. Sungura, ambaye Waganda humwita Wakayima na Wanyarwanda humwita Bakame, huiba, husema uongo, huwatia wenziwe mitegoni kisha akaenda zake akicheka. Fisi naye, mara nyingi kosa lake kubwa ni njaa. Lakini tangu utoto wetu tunamshangilia sungura na kumzomea fisi, kwa sababu msimuliaji amesimama upande wa sungura. Jaribu siku moja kuisimulia hadithi hiyo hiyo ukiwa ndani ya ngozi ya fisi. Hujala tangu juzi. Rafiki anakuja na habari ya nyama. Unamfuata kwa moyo mweupe, na mara umo shimoni, na rafiki yuko juu anakuchungulia. Hukubadili tendo hata moja, na tayari adui ni mwingine.

Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi wangu: adui mzuri ni yule awezaye kuisimulia hadithi kwa kinywa chake mwenyewe na isianguke. Yeye ana hesabu yake. Huenda hesabu ina kosa, tena kosa kubwa la kumwaga damu, lakini ameipiga mwenyewe na anaiamini.

Shaaban Robert alichagua njia nyingine. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hatuna haja ya kuuliza watafanya nini, maana majina yao yamekwisha tangulia kutuambia. Wanamtupa ndugu yao baharini, nao wanageuzwa manyani. Katika Kusadikika, cha mwaka 1951, waziri amshitakiye Karama anaitwa Majivuno. Mtunzi alitaka tuuone wivu wenyewe na majivuno yenyewe, na kwa kazi hiyo njia yake inafaa sana. Ila nakiri kwamba Mwivu hanitishi. Nikilisoma jina lake namkumbuka mtu mwingine ninayemfahamu, sijikumbuki mimi.

Adui aliyenitisha kweli nilikutana naye katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili na kuuita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Ni Shylock, Myahudi mkopeshaji wa fedha. Habari yake kwa ufupi ni hii. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia, binti tajiri. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini katika merikebu, anakopa kwa Shylock dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu. Shylock hataki riba. Anataka hati tu, isemayo kwamba siku ya kulipa ikipita, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zinafika kwamba merikebu zimepotea, siku inapita, na Shylock anakwenda mahakamani na kisu na mizani.

Mtunzi mvivu angetosheka na kisu na mizani. Shakespeare anarudi nyuma na kutuonyesha hesabu ilivyoanza. Antonio, mtu mwema anayependwa na mji mzima, alikuwa na desturi ya kumtemea Shylock mate na kumwita mbwa mbele ya watu. Anapokuja kuomba mkopo, Shylock anamkumbusha jambo hilo, naye Antonio haombi radhi. Anasema huenda akamtemea tena. Kisha Jessica, binti pekee wa Shylock, anatoroka usiku na kijana Mkristo, na kuchukua fedha na vito vya baba yake. Shylock anapoletewa habari kwamba binti amebadilisha pete moja kwa nyani, tunaambiwa kwamba pete ile alipewa na Leah kabla hajaoa. Ni maneno machache tu, na mchezo unaendelea mbio. Lakini mimi niliposoma mahali pale kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Mtu niliyekuwa nikimngoja ashindwe alikuwa amewahi kuwa kijana, na mwanamke mmoja alikuwa amempenda.

Angalieni pia anavyojitetea mahakamani. Hapigi kelele. Anawaambia wakuu wa Venice kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, na wanawatumikisha kama punda. Mtu akiwaambia wawaache huru watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na nyama hii, asema, ni mali yake, ameinunua kwa bei kubwa. Hakuna hata mmoja mle mahakamani amjibuye neno hilo. Tena ameshika sheria mkononi: mji ule unaishi kwa biashara ya wageni, na ukivunja hati moja, ni mgeni gani atakayeiamini hati nyingine? Sisi ambao babu zetu waliyaona masoko ya watumwa hatuwezi kuyapita maneno hayo haraka.

Hata hivyo, jihadharini. Shakespeare hakumsafisha. Bassanio anatoa fedha maradufu, naye anakataa. Anaombwa angalau aweke mganga karibu kuzuia damu isimwue Antonio, naye anajibu kwamba neno hilo halimo katika hati. Anakinoa kisu chake kwenye soli ya kiatu huku mtu aliyefungwa anamtazama. Hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe: tunaujua uchungu wake wote, na bado kisu kinatutetemesha. Kama tungeambiwa uchungu bila kisu, tungemhurumia tu, na hadithi isingekuwa na adui. Tukipewa kisu bila uchungu tunarudi kwa yule mtu wa macho mekundu.

Kuna jambo lingine ambalo nilichelewa kuliona. Watu wa mchezo ule hawapendi kulitaja jina la Shylock. Mara nyingi humwita "Myahudi" tu. Hata Portia, anapoingia mahakamani amevaa mavazi ya mwanasheria, anauliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Akimwuliza kama ndiye Shylock, mzee anajibu kwamba ndilo jina lake. Nimesema nilichelewa kuliona, na nitaeleza aliyenionyesha.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha ya wizi wa ng'ombe. Ilikuwa ya kusisimua, na Kiswahili chake kilinyoka. Nikampa alama 17 katika 20, nikaisoma mbele ya darasa, na darasa likacheka mahali pa kucheka. Jioni alikuja mvulana mwingine, mkimya, mtoto wa watu waliohamia kutoka ng'ambo ya mpaka. Alisimama mlangoni. "Mwalimu," akasema, "mbona kila mtu katika ile hadithi ana jina, hata mbwa, isipokuwa mwizi?"

Nikaichukua insha na kuitazama tena. Ni kweli. Mwizi alikuwa ametajwa kwa kabila lake tu, mwanzo hata mwisho, na kabila hilo lilikuwa la mvulana yule. Mbwa aliitwa Simba. Mimi mwalimu nilikuwa nimesahihisha koma na nukta, nikacheka pamoja na darasa, na sikuona kitu.

Shakespeare mwenyewe aliandika katika nchi ambayo ilikuwa imewafukuza Wayahudi mwaka 1290, wala hawakuruhusiwa kurudi waziwazi mpaka mwaka 1656. Watazamaji wake wengi hawakuwa wamepata kukaa jirani na Myahudi. Walichojua ni masimulizi. Mchezo wake unaweza kuelekezwa upande wowote kwa mkono wa mwigizaji. Mwezi wa Januari 1814, katika ukumbi wa Drury Lane mjini London, Edmund Kean alimwigiza Shylock kuwa mtu kamili, mwenye akili na machungu, na watu wakamshangilia sana. Mwaka 1943, katika Burgtheater ya Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, Werner Krauss alimwigiza kuwa kiumbe cha kuchukiza, siyo mtu. Wakati huo Wayahudi wengi wa Vienna walikuwa wamekimbia, au wamekwisha kusafirishwa kwa nguvu kwenda kuuawa. Mchezo ulikuwa ni ule ule, na ratili ya nyama ni ile ile. Wala sisi wa nchi za Maziwa Makuu hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mwaka 1994, Watutsi walipokuwa wakiuawa nchini Rwanda, redio ya RTLM haikuwaita watu kwa majina ya kuwatambulisha kuwa binadamu, iliwaita mende.

Sisemi kwamba insha ya mtoto wa shule ni redio ile. Nasema nilitoa alama 17.

Baadaye nimependa kuitazama tafsiri ya Mwalimu Nyerere kuanzia jalada lake. Kwa Kiingereza jina la mchezo linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mfasiri wetu ameandika "mabepari", wengi, na kwa herufi chache amemkalisha Antonio kwenye benchi moja na adui wake. Kila ninapofundisha mchezo huu huanza na jalada, na darasa hubishana kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza.

Wiki iliyofuata nilimrudishia mwenye insha daftari lake, nikamwomba aandike upya, na sharti moja: mwizi apewe jina, na aeleze mwenyewe kwa nini amemchukua ng'ombe yule na siyo mwingine. Mara ya kwanza alileta mwizi mwenye mtoto mgonjwa hospitalini. Nilikataa. Mtoto mgonjwa ni udhuru wa bei rahisi. Kila mwandishi anao mmoja mfukoni. Mara ya pili mwizi alikuwa amemchungia tajiri ng'ombe kwa miaka miwili, kwa ahadi ya kupewa ndama. Ndama akatolewa, dhaifu, akafa siku ya tatu, na tajiri akasema deni limekwisha. Mwizi alikuwa akiihesabu miaka ile miwili kila usiku. Kwa hesabu yake hakuiba. Alikwenda kuchukua mshahara. Alipoondoka, mlinzi wa boma alimfuata, naye akampiga rungu la kichwa, mlinzi ambaye hakumdai kitu.

Ng'ombe aliibwa vile vile, na mwizi alikamatwa darajani vile vile. Niliisoma darasani mara ya pili. Hakuna aliyecheka, ila mwishoni yule mvulana mkimya alinyosha mkono akasema mwizi alistahili kufungwa kwa ajili ya mlinzi, lakini tajiri naye aitwe mahakamani kwa ajili ya ndama. Mwenye insha akakataa, akasema tajiri alitoa alichoahidi, maana ahadi haikutaja afya ya ndama. Wakabishana hata kengele ikalia, na niliwaacha wakitoka mlangoni bado wanaendelea.