Kliniki ya Usikivu: Faida Haimo Kwenye Boksi

Swali: Nina mtaji kiasi, nataka kufungua kliniki ya usikivu Dar es Salaam. Fedha nyingi zitakwenda wapi?

Kwenye ukimya. Odiomita, mashine ya kupimia usikivu, utapata hata iliyotumika, ilimradi ihakikiwe kila mwaka. Chumba kisichopitisha kelele ndicho kitakachokutoa jasho. Fremu ya barabarani huvutia wateja, lakini muungurumo wa bodaboda na jenereta humeza sauti nene za kipimo, na mwenye masikio mazima anaandikiwa kuwa ana tatizo. Chukua chumba cha nyuma, na kodi yake ni nafuu.

Swali: Faida si iko kwenye shimesikio zenyewe, vile vifaa vya kusaidia kusikia?

Ndivyo wengi wanavyopiga hesabu, na ndipo wanapokwama. Kifaa, kipimo na marekebisho ya miaka kadhaa wanavitia katika bei moja. Siku ya kuuza mfuko unatuna; baada ya hapo mteja anarudi, na kila akirudi mtaalamu anafanya kazi ya bure. Mzee mmoja atakuja akisema kifaa "kimekufa", kumbe kichujio kimezibwa na nta ya sikio. Unakibadilisha, dakika mbili, kwisha. Mwingine kabandua vibandiko vya betri zote kwa mpigo ili asisumbuke baadaye. Betri hizo za zinki huanza kufanya kazi zikipata hewa, kwa hiyo zimeishia kabatini. Kifaa kizima, muda wako ndio umeliwa.

Tenganisha bei: kifaa mbali, kupima na kurekebisha mbali, matunzo ya mwaka mbali. Mteja atashtuka, ila atajua analipia nini. Na aliyenunua kifaa kwingine naye atakuwa na sababu ya kuja kwako.

Swali: Vifaa vya mtandaoni vya bei chee havitaniua?

Vitamuua anayeuza boksi. Marekani, tangu tarehe 17 Oktoba 2022, mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa kati wa usikivu anaweza kununua kifaa dukani bila kupimwa, na wataalamu wa huko bado wanafanya kazi. Isitoshe, vingi vya bei chee ni vikuza sauti tu: honi ya daladala na maneno ya mjukuu vinapazwa sawasawa.

Swali: Wateja wapo?

Wahitaji wapo tele. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 430 wanahitaji huduma hii, na karibu asilimia 80 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini mhitaji si lazima awe mnunuzi. Kodi ya mwezi italipwa na mikataba, hasa ya viwanda vyenye kelele: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Viwanda huchelewa kulipa ankara, jiandae.

Swali: Nimpe kamisheni daktari anayeniletea wagonjwa?

Hapana. Kamisheni hiyo ataibeba mgonjwa kwenye bei. Mpe daktari ripoti inayosomeka, siku hiyo hiyo. Akiviamini vipimo vyako, wagonjwa atawaleta bila bahasha.