Haki ya Kuelezwa Mapema: Huduma Inapohitaji Programu-Jalizi

Tuseme umelipia kozi ya uhasibu ya mtandaoni. Siku ya mtihani inafika, unafungua tovuti dakika kumi kabla ya saa iliyopangwa, na badala ya maswali unakutana na agizo: sakinisha kiendelezi ndipo uendelee. Unatumia simu, nacho kiendelezi hicho hufanya kazi kwenye kompyuta pekee. Unakimbilia saiba, lakini mwenye saiba haruhusu wateja kuongeza programu kwenye kompyuta zake. Muda unakwisha. Ada imekwenda na mtihani umekupita. Katika somo hili tunaeleza jinsi hasara ya namna hii inavyoweza kuzuiwa kwa sentensi chache zilizowekwa mahali panapofaa, na jinsi wewe mtumiaji unavyoweza kuzidai.

Programu-jalizi ni nini?

Kivinjari ni programu inayokufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox au Safari. Zipo kazi ambazo kivinjari peke yake hakiwezi kuzifanya. Programu-jalizi ni kipande cha programu kinachoongezwa ili kukipa uwezo huo. Jina lake limetokana na kitenzi “kujaliza”, yaani kuongezea kilichopungua. Inayotumika zaidi siku hizi ni aina iitwayo kiendelezi. Nyongeza hizi huombwa, kwa mfano, katika mitihani inayosimamiwa kwa mbali, katika utiaji saini wa kielektroniki na katika kutazama picha za kamera za ulinzi za miundo ya zamani.

Kipande hiki huweza kupewa mamlaka makubwa. Kiendelezi kinaweza kuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako katika kila tovuti unayoitembelea, ikiwemo ya benki. Kwa hiyo kukikubali ni uamuzi, na uamuzi huhitaji maelezo.

Funzo la Flash

Kwa miaka mingi, video na michezo mingi ya mtandaoni ilitegemea programu-jalizi ya Adobe iitwayo Flash Player. Julai 2017 Adobe ilitangaza kwamba ingeachana nayo. Ilikoma kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui ya Flash yasifunguke. Ilani ilitolewa zaidi ya miaka mitatu kabla. Hata hivyo, nchini Afrika Kusini baadhi ya fomu za kodi za mtandaoni zilikuwa bado zinaitegemea Flash, na Januari 2021 mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, SARS, ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waweze kuzijaza.

Walaghai nao waliitumia Flash. Oktoba 2017, watu waliotembelea tovuti kadhaa zilizodukuliwa, hasa nchini Urusi na Ukraine, walionyeshwa taarifa ya kuwataka wasasishe Flash Player. Waliokubali walipakua programu haribifu iitwayo Bad Rabbit, iliyofunga mafaili yao na kudai malipo ili yafunguliwe. Hila hiyo ilifaulu kwa sababu watu walikuwa wamezoea kuombwa jambo hilohilo na tovuti za kweli. Huduma halali inayokaa kimya, kisha ikakushtukiza kwa agizo la kusakinisha, inakuzoesha kutii kila dirisha linalochomoza kwenye skrini, likiwemo la mwizi.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya intaneti ampe mtumiaji maelezo yaliyowekwa kisheria kabla ya mkataba, pamoja na nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa.

Taarifa iliyo wazi ina mambo gani?

Kwa maoni yetu, taarifa inayofaa hutolewa kabla ya malipo, kwa lugha ya kawaida, na hueleza mambo haya:

1. Jina la programu-jalizi na mtengenezaji wake.
2. Sababu ya kuihitaji, na kazi zinazoweza kufanyika bila hiyo.
3. Vifaa na vivinjari vinavyoikubali. Chrome ya simu za Android, kwa mfano, kwa kawaida haipokei viendelezi.
4. Ruhusa itakazoomba na gharama yake, ikiwa ipo.
5. Njia nyingine kwa asiyeweza au asiyetaka kuisakinisha, na namna ya kuiondoa.

Ufanye nini?

Kabla ya kulipa, tafuta sehemu ya mahitaji ya kiufundi. Usipoiona, uliza kwa maandishi na uhifadhi jibu. Ikiwa kuna jaribio la bure, lifanye kwenye kifaa kilekile utakachokitumia. Usisakinishe chochote kupitia dirisha lililochomoza lenyewe: lifunge, kisha utafute programu hiyo katika duka rasmi la kivinjari chako au tovuti ya mtengenezaji. Kazi ikiisha, iondoe. Ukidaiwa programu-jalizi baada ya kulipa, piga picha ya skrini, mwandikie mtoa huduma ukiomba njia mbadala au kurejeshewa fedha, na asipokujibu utuletee malalamiko pamoja na ushahidi huo.

Zoezi

Linganisha taarifa hizi mbili:

(a) “Ili kufurahia huduma zetu kikamilifu, baadhi ya vipengele vya ziada vinaweza kuhitajika.”

(b) “Mtihani huu hufanyika kwenye kompyuta yenye Chrome pekee. Utaombwa kusakinisha kiendelezi chetu, ambacho kitatumia kamera yako wakati wa mtihani. Kama huna kompyuta, wasiliana nasi kabla ya kulipa.”

Je, ni ipi inayokuwezesha kuamua? Ni mambo gani kati ya yale matano ambayo hata taarifa ya pili haijayataja? Ukiweza kuyataja, unajua la kumwuliza mtoa huduma kabla hujalipa.