Kusuka Koili ya Sigara ya Kielektroniki Nyumbani: Somo la Usalama

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi wa mjini huiita vepu, si kifaa kigumu kueleweka kwa mtu anayekumbuka koroboi. Koroboi ina mafuta, utambi unaoyanyonya, na moto juu ya utambi. Vepu ina kimiminika badala ya mafuta, pamba badala ya utambi wa kitambaa, na mahali pa moto pana waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Waya huo ndio koili. Mvutaji anapobonyeza kitufe, umeme wa betri hupita ndani yake, waya hupata joto kali, na kimiminika kilichomo katika pamba hugeuka mvuke.

Koili haidumu. Baada ya siku au majuma machache hushika utando mweusi, pamba huungua, na mvuke huwa mchungu. Mtengenezaji hutaka mtumiaji anunue koili nyingine. Mtumiaji asiyeipata, au anayeiona ghali, hutafuta waya na kuizungusha mwenyewe. Mafundi wa mota huiita kazi ya namna hiyo kusuka, nasi tutalitumia neno hilo. Katika mtaa kama Mirongo, katikati ya jiji la Mwanza, ambako redio, pasi na simu hutengenezwa mara nyingi kabla ya kutupwa, ingekuwa ajabu vepu peke yake isalimike.

Msimamo wetu ni huu. Nikotini hujenga uraibu. Asiyeivuta asianze, na kijana pamoja na mama mjamzito wasiikaribie kabisa. Lakini mhudumu wa afya anayeishia kwenye sentensi hiyo humwacha mgonjwa wake aende nyumbani na betri ileile na waya uleule, bila kujua kipi kati ya hivyo kinaweza kumlipukia.

Hatari ya kwanza haimo katika mvuke, imo katika hesabu. Umeme unaopita kwenye waya, kwa kipimo cha ampea, hupatikana kwa kugawanya volti za betri kwa ukinzani wa waya, unaopimwa kwa omu. Betri moja ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2. Koili ya omu 1 huidai ampea 4.2. Koili ya omu 0.5 huidai ampea 8.4. Ya omu 0.2 huidai ampea 21, na ya omu 0.1 huidai ampea 42. Msomaji aone jinsi namba inavyoruka: kupunguza mizunguko michache ya waya, jambo ambalo jicho halilitambui, kunaweza kuitwisha betri mzigo maradufu. Wapo pia wanaofunga koili mbili pamoja ili wapate mvuke mwingi. Koili mbili za omu 0.4 zikifungwa sambamba hazifanyi omu 0.8, hufanya omu 0.2. Hapo ndipo wengi hukosea, hata wenye ujuzi wa umeme wa nyumba.

Je, betri inaweza kutoa ampea hizo? Betri itumikayo zaidi ni ile ya mviringo ya namba 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri hizohizo zimo ndani ya kompyuta mpakato kuukuu, na mafundi huzitoa humo kwa ajili ya tochi na vichajio vya mkononi. Nyingi za kompyuta ziliundwa kutoa ampea chache kwa muda mrefu. Zikidaiwa ampea 20 hupata joto. Joto likizidi kiwango fulani, kemikali zilizomo huanza kulizalisha zenyewe, na kuanzia hapo hakuna kitufe cha kulizima. Maandishi ya ganda nayo yasiaminiwe upesi. Betri inayojitangaza kuwa na uwezo wa mAh 9900 inasema uongo wa wazi, kwani betri halisi ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo. Na aliyedanganya kuhusu uwezo hana sababu ya kusema kweli kuhusu ampea.

Kwa hiyo koili yoyote iliyosukwa nyumbani ipimwe omu kwa mita kabla betri haijaingizwa. Mita ya kawaida ya fundi redio husaidia kugundua shoti, ila chini ya omu 1 usomaji wake huyumba. Panahitajika kipimo kinachosoma sehemu ndogo za omu. Asiye na kipimo hicho asisuke. Kifaa chenye saketi ya ulinzi hukataa kuwaka kikiona shoti, na hiyo ni nafuu kubwa. Vipo vingine, mirija mitupu ya chuma, ambavyo havina chochote kati ya betri na koili isipokuwa kitufe. Hivyo tunashauri visitumike kabisa na koili ya kusuka.

Ncha za waya zikatwe fupi zisiguse ukuta wa tangi, skrubu zikazwe, na koili isiegemee chuma chochote. Inapojaribiwa kwa mara ya kwanza kitufe kibonyezwe kwa nukta moja tu, mbali na petroli na mitungi ya gesi, na koili iwake sawasawa kuanzia katikati. Ikiwaka upande mmoja, skrubu imelegea au mizunguko inagusana vibaya, ifunguliwe, isilazimishwe. Betri ambayo ganda lake la plastiki limechanika isitumike. Ukingo wa juu wa betri hizi, kandokando ya ncha chanya, ni sehemu ya hasi, na kinachozitenganisha ni kiwambo chembamba tu. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya betri isiyo ndani ya kifaa isiwekwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Waya wenyewe unatoka wapi? Waya wa hita au wa pasi mbovu kwa kawaida ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, nao umekwisha kupikwa mara maelfu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha uchunguzi wa vifaa vya watumiaji 56. Kimiminika kilipokuwa bado chupani kilikuwa na metali kidogo. Kilipokwisha kugusana na koili, na katika mvuke wake, metali kama kromiamu, nikeli na risasi zilikuwa zimeongezeka sana. Ikiwa waya uliotengenezwa kwa kazi hiyo hufanya hivyo, wa pasi kuukuu hauna dhamana yoyote. Waya wenye mipako ya zinki, na kiungo chochote cha risasi ya kulehemu, visiingie kamwe: moshi wa zinki huleta homa na kikohozi, na madhara ya risasi katika ubongo wa mtoto yanajulikana.

Kuhusu pamba, sisi wa Kanda ya Ziwa huona kwamba tunayo tele. Lakini pamba ghafi kutoka shambani ina nta yake ya asili, haifyonzi vizuri, na huenda ina mabaki ya viuatilifu. Inayofaa ni pamba ya hospitali, iliyosafishwa, isiyo na manukato. Sponji na nyuzi za plastiki huyeyuka. Pamba ikikauka huku koili ikiwaka, joto hupanda na kimiminika huvunjika kuwa formaldehaidi na akrolini, vitu vinavyochoma njia ya hewa. Ule uchungu unaomfanya mtumiaji akohoe ni onyo la kweli, wala si la kuzoewa.

Tuje kwa mhudumu wa zahanati. Hospitali moja ya Seattle, Marekani, ilieleza wagonjwa 15 iliowapokea kati ya Oktoba 2015 na Juni 2016 kwa milipuko ya vifaa hivi: asilimia 80 walikuwa na majeraha ya moto, 33 ya kemikali, na 27 ya mlipuko wenyewe. Maeneo ya kutazamwa ni paja, mkono na uso. Vua nguo iliyoungua na uondoe kwa kibano kikavu vipande vya betri vinavyoonekana, kisha mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Dawa ya meno, unga na mafuta vikae mbali. Pima jeraha kwa karatasi ya litmasi, jambo ambalo kwa jeraha la moto la kawaida hatulifanyi. Litmasi ikionyesha alikali au asidi, endelea kuosha hadi irudi katikati. Maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana yakushtue kwamba huenda asidi ya haidrofloriki imetokea. Mgonjwa huyo, kama yule wa jeraha la uso au la njia ya hewa, apewe rufaa mapema, kwa eneo letu hadi Bugando.

Mtoto aliyekunywa kimiminika ni dharura nyingine. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha kimiminika chenye miligramu 20 kwa mililita kina miligramu 100 za nikotini. Hutapika, hutoka mate na jasho, hupauka, na huweza kupata degedege na kushindwa kupumua. Katika ukanda wa pamba dalili hizo hutupeleka haraka kwenye sumu ya viuatilifu, nasi hatukosei kuiwaza. Ila mlezi aulizwe pia kuhusu kichupa kidogo chenye harufu ya matunda. Mtoto asitapishwe. Linda njia ya hewa, tibu degedege, na umpeleke hospitali.

Kwa kijana mwenye kikohozi, kifua kubana, homa na kutapika, tunapima kifua kikuu na malaria, na ndivyo ipasavyo. Kati ya 2019 na Februari 2020 Marekani ilihesabu wagonjwa 2,807 wa madhara ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na vifo 68. Wengi walivuta vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Swali "unavuta sigara?" lingewapita wengi wao, maana vepu kwao si sigara. Liulizwe hivi: "Kuna chochote unachovuta, cha moshi au cha mvuke? Kinatumia betri gani? Koili unanunua au unasuka?" Sauti isiwe ya kukemea. Nchini Uganda, ng'ambo ya ziwa, sheria ya mwaka 2015 inapiga marufuku sigara za kielektroniki, na mgonjwa atokaye huko ana sababu zaidi ya kukaa kimya. Akisema anataka kuacha, mpange siku, mwite arudi, na mweleze kwamba siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi.

Betri iliyovimba, iliyochubuka au iliyopata joto bila kutumika isichajiwe tena. Ncha zake zizibwe kwa utepe wa umeme, iwekwe ndani ya chombo cha udongo au cha bati chenye mchanga mkavu, nje ya chumba cha kulala, hadi ipelekwe kwa anayekusanya taka za kielektroniki. Isichomwe pamoja na taka za nyumbani, na isitupwe mtaroni: mitaro ya Mirongo huishia mto Mirongo, na mto huo humwaga ziwani.