Neno "Sloth": Ni Uvivu, au ni Mnyama?

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma asomaye kitabu cha Kiingereza cha habari za wanyama aweza siku moja kukuta habari ya "sloth" aliyekuwa akining'inia katika tawi la mti, miguu juu na mgongo chini. Akifungua kamusi ndogo, huenda akaona maana moja tu, nayo ni uvivu. Basi ataandika katika daftari yake kwamba uvivu ulikuwa ukining'inia mtini, na darasa zima litacheka. Walakini kosa si lake peke yake, kwa kuwa neno hili lina maana mbili, na ile ya pili ilizaliwa na ya kwanza kwa njia isiyo ya haki sana.

Kuzitambua si vigumu. Neno likitanguliwa na "a", au likiwa na "s" ya wingi mwishoni, karibu kila mara linataja mnyama. Likisimama peke yake bila "a" wala "the", ni uvivu, maana uvivu hauhesabiki mmoja, wawili, watatu.

Asili yake ni hii. Waingereza wana desturi ya kale ya kufanya jina la hali kwa kuongeza sauti ya "th" mwishoni mwa neno la sifa. Kutoka "true", yaani -a kweli, hupata "truth", ukweli. Kutoka "warm", -a vuguvugu, hupata "warmth". Hali kadhalika, "sloth" lilitoka katika "slow", yaani -a polepole. Lakini katika mafundisho ya Kanisa la zamani uvivu ulihesabiwa miongoni mwa zile dhambi kuu saba, na Waingereza wakauita kwa jina hilo. Ndipo neno la mwendo likawa neno la lawama. Siku hizi mtu akitaka kusema kwa maneno ya kawaida kwamba fulani ni mvivu, husema "lazy". "Sloth" na "slothful" yamebaki zaidi vitabuni na katika mahubiri.

Jambo hili si dogo kwa wazazi. Mwalimu akiandika "slow" katika ripoti ya mtoto, amesema tu kwamba mtoto hukawia kufahamu au kumaliza kazi. Mzazi akifasiriwa neno hilo kuwa "mvivu", mtoto huadhibiwa kwa kosa ambalo mwalimu hakulitaja. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo mawili: kinyonga huenda polepole mno, wala hakuna amwitaye mvivu kwa sababu hiyo.

Watu wa Ulaya hawakuwa na uangalifu huo walipofika Amerika ya Kusini. Wareno walimwona mnyama huyu wa mitini akisogeza mkono mmoja, kisha akitulia kitambo kirefu kabla ya kusogeza wa pili, wakamwita "preguiça", yaani uvivu. Wahispania walimwita mvivu kwa lugha yao, na Wafaransa pia. Wajerumani wakasema "Faultier", mnyama mvivu. Waingereza wakafuata mwanzoni mwa karne ya 17.

Kumbe mnyama mwenyewe ana sababu zake. Chakula chake ni majani hasa, nayo yana lishe haba na ni magumu kusagika tumboni. Jani moja laweza kukaa humo siku nyingi, hata kukaribia mwezi. Mwenye pato dogo namna hiyo hana nguvu za kupoteza kwa kurukaruka. Tena mwendo wake humficha, kwa maana tai wakubwa wa misitu ile huwinda kwa macho, na kitu kisichotikisika hawakioni upesi. Mwani wa kijani huota katika manyoya yake, akafanana na majani. Yule mwenye kucha tatu hushuka chini mara moja hivi kwa juma, aende haja, kisha hupanda tena. Majini huogelea vizuri, jambo ambalo waliompa jina hilo huenda hawakulitazamia.

Katika Afrika mnyama huyu hayuko. Perere aliaye usiku katika miti ya Mlima Elgon si yeye. Wataalamu wamemweka perere karibu na ukoo wa tembo. Aliye karibu naye kwa mwendo ni poto, akaaye katika Msitu wa Kakamega, kusini mashariki ya Bungoma. Poto ni mdogo, uzito wake kilo moja hivi. Hutoka usiku kutafuta matunda, utomvu na wadudu, akitembea bila kutikisa jani, na hushika tawi kama koleo kwa sababu kidole chake cha shahada kimebaki kibutu tu. Akihisi hatari huganda kimya. Naye hakuepuka lawama: Mholanzi Willem Bosman, katika kitabu chake cha habari za pwani ya Guinea kilichochapishwa mwaka 1704, alieleza kwamba wenzake walimwita mvivu. Lakini kwa ukoo, poto ni jamaa ya komba, na "sloth" ni jamaa ya wanyama wa Amerika wanaokula mchwa.

Kiswahili hakina jina la asili la mnyama huyu. Afadhali kuandika "slothi", na kumweka pamoja na viumbe wenye uhai: slothi analala, slothi wawili wanaogelea. Kumwita "mvivu" peke yake kutampoteza msomaji, naye atadhani habari ni ya mtu. Na katika kulitamka neno la Kiingereza, Waingereza wengi huvuta "o" kama katika "growth". Wamarekani wengi huifupisha kama katika "cloth". Matamshi yote mawili hukubaliwa.