NDOTO YA BABA NA KITI CHA MANYATTA

Kwetu tumezaliwa wasichana watatu, bila mvulana hata mmoja. Mimi ndimi kifungua mimba, nikapewa jina la nyanya mzaa baba, ndiyo maana baba huniita "mama". Kule kiwanda cha kahawa, wanaume wakingoja kupimiwa, humwonea huruma na kumwambia ati boma lake litafungwa. Yeye hucheka tu. "Ngojeni. Mbunge wa Manyatta atatoka kwangu."

Hebu tuichunguze ndoto hiyo.

Kenya ilipata uhuru 1963, lakini mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni, Bi. Grace Onyango wa Kisumu, aliingia 1969. Mwaka wa 1997 Bi. Phoebe Asiyo alipeleka hoja ya kuwapa wanawake nafasi zaidi, wabunge wakaiangusha. Ndipo ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 27 kinataka watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Sasa piga hesabu: Bunge la Taifa lina wabunge 349, mbali na Spika. Thuluthi moja ni kama 117. Wanawake hawajawahi kufika hapo, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa.

Kifungu cha 97 nacho kiliweka viti 47 vya wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Hapa ndipo watu wetu huchanganyikiwa. Mwanamke akitaka ubunge wa kawaida huambiwa, "Si mko na kiti chenu?" Kumbe mwakilishi wa wanawake wa Embu huomba kura Manyatta, Runyenjes, Mbeere Kaskazini na Mbeere Kusini, kote huko! Mwanamume anayetaka Manyatta huzunguka Manyatta peke yake. Nani ana kazi rahisi?

Hata hivyo inawezekana. Bi. Cecily Mbarire aliteuliwa Bungeni baada ya uchaguzi wa 2002, akachaguliwa Runyenjes 2007 na tena 2013. Alishindwa ugavana 2017, akarudi 2022 akawa gavana wa kwanza mwanamke Embu. Mwaka huo wanawake saba walichaguliwa magavana. 2013 hakukuwa na hata mmoja. Jirani zetu wa Meru walimchagua Bi. Kawira Mwangaza, ingawa Seneti ilipiga kura ya kumwondoa 2024.

Lakini kuna swali moja ambalo halimo katika Katiba. Nimelisikia sokoni mara nyingi: "Huyo mwanamke kwao ni wapi?" Akiolewa mbali, huambiwa akagombee kwa mumewe. Akifika kule, huambiwa ni mgeni. Mwanamume haulizwi, maana shamba lake linaonekana.

Basi jioni moja, tukichambua kahawa, nilimwuliza baba, "Utanigawia shamba?" Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haimbagui mtoto wa kike, hilo nalijua. Baba alinyamaza. Mama akajifanya anatafuta kikapu. Hatimaye baba akasema, "Mama, hayo tutaongea mahindi yakishavunwa."

Mahindi tumevuna. Yako darini. Baba bado anawaambia wale wanaume wangoje, nami pia nangoja.