Dereva, Leza na Taa za Usiku

SWALI: Dereva wa lori wa Makambako, mkoani Njombe, asiyeona mbali bila miwani, anauliza kama upasuaji wa leza utamwondolea miwani moja kwa moja.

JIBU: Wengi huiacha, ila si kwa maisha yote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa wagonjwa 95 hivi kati ya 100 waliofanyiwa LASIK, yaani upasuaji huo wa leza, waliridhika. Daktari hufunua utando mwembamba wa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), leza huichonga iwe bapa kidogo, kisha utando hurudishwa mahali pake.

Kwa dereva, kero kubwa ni usiku. Miezi ya mwanzo, taa za magari yanayokuja huweza kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga. Macho nayo hukauka, na upepo wa baridi wa Njombe hausaidii! Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya mwaka. Wachache hubaki nayo.

Mwenye konea nyembamba mno au iliyochongoka hafai kufanyiwa, wala ambaye kipimo cha miwani yake bado kinabadilika. Tena, akivuka miaka 40 atahitaji miwani ya kusomea kama wenzake.

Kabla ya kutafuta nauli ya Dar es Salaam au Nairobi, aanze kupima macho hospitali ya mkoa, Njombe.